Kaloli Katua Nakawa

Ngoja kwanza nipumue.

Ni saa kumi na moja jioni. Nimekaa kwenye benchi nyuma ya soko la Nakawa, Kampala, masikio bado yanavuma, chai yangu imepoa bila kuguswa, na juu ya jalala kuna ndege mmoja mrefu, mwenye upara na mfuko wa nyama unaoning'inia kooni, ananitazama kama mtu anayenidai. Waganda humwita kaloli. Nimetoka sasa hivi kuisikiliza albamu yenye jina lake, "Kaloli" ya kundi la Nihiloxica, mwanzo hadi mwisho, kwa spika za sokoni, mbele ya watu ambao hawakuniomba. Ilitoka Juni 2020. Najua nimechelewa! Na aibu yangu ni kubwa zaidi kwa sababu wapiga ngoma wake ni wa mji huu huu ninaolipia kodi ya nyumba. Lakini mtu akila embe tamu haulizwi kwa nini hakulila jana.

Kisa chote kimeanza na flashi. Rafiki yangu anayefanya kazi ya kupanga vyombo kwenye matamasha ya Ulaya alirudi likizo akaniachia flashi iliyojaa albamu. "Zote nimezinunua kwa pesa yangu," akasema, "na karibu zote zina mkono wa Kampala. Kule watu wanazigombania. Hebu niambie hapa zinasemwaje." Nikacheka. Hapa? Nyingi hapa hazijasikika hata kidogo. Ndipo likanijia wazo la kuzipeleka mahali pekee ninapojua muziki unahukumiwa bila adabu na bila upendeleo.

Mahali penyewe ni kibanda cha kujaza nyimbo, kimebanwa kati ya muuza makava ya simu na mama wa mafenesi. Mle ndani mna kompyuta ya zamani isiyo na kifuniko ubavuni, feni ya mezani inayoipulizia mashine badala ya binadamu, na spika mbili nyeusi zilizofungwa kwa mpira wa baiskeli. Mteja anakuja na kadi ya simu au flashi ya redio ya gari, anasema anachotaka, kijana anamjazia kwa elfu chache. Nyimbo zimepangwa kwa mafungu: kadongo kamu, injili, ragga, Bongo, Lingala, na yale mafungu ya madijei yasiyo na mwisho. Fungu la albamu halipo. Hapa albamu hufumuliwa kama sweta. Kila mtu anaondoka na uzi anaoutaka.

Wala si ushamba. Ni hesabu. Mwaka 2018 serikali ilianza kumtoza kila mtumiaji wa mitandao ya kijamii shilingi 200 kwa siku. Julai 2021 tozo hiyo ikafutwa na mahali pake ikaja kodi ya asilimia 12 juu ya bando lenyewe. Spotify ilifika Uganda mwaka huo huo. Sasa mwambie dereva wa boda boda asikilize albamu nzima kwa bando, uone kama atakununulia hata maji. Flashi ya elfu chache inaimba mwaka mzima.

Nikaelewana na kijana. Nitamnunulia rolex (chapati na mayai, wasomaji wa Dar msifikirie saa), nitamlipa muda wa spika, naye atapiga albamu moja baada ya nyingine. Zitakazoshika watu zitaendelea, zitakazokataliwa tutazima. Nakawa ina mahakama ya hakimu mkuu yenye jengo na makarani wake. Hii yangu ilikuwa na spika mbili na fenesi moja lililopasuliwa.

Tulianza na mwimbaji Azawi, na hapo nakiri niliiba kidogo, kwa sababu nilijua atashinda. "African Music" ilitoka Oktoba 2021 chini ya lebo ya Swangz Avenue, wakati mbaya kuliko wote wa kutoa albamu katika mji huu. Kumbi za burudani zilikuwa zimefungwa tangu Machi 2020 na hazikufunguliwa hadi Januari 2022. Msanii anatoa kazi ya maisha yake na hana jukwaa la kuisimamisha! Kampala hilo ni pigo zito kuliko linavyosikika, maana kwa miaka mingi albamu hapa imekuwa tiketi ya tamasha. Enzi za kanda, mwanamuziki aliuza kazi yake kwa msambazaji kwa bei ya jumla, akachukua bahasha yake, akaisahau. Pesa ya kweli aliisubiri usiku wa uzinduzi. Bila uzinduzi, albamu ni harusi bila ngoma. Hata hivyo Azawi alipenya. "Majje", aliouimba na Fik Fameica, ulipoanza tu, mama wa mafenesi, mikono ikiwa imepakwa mafuta ili utomvu usimgandie, aliimba mstari mzima kisu kikiwa kimesimama ndani ya fenesi. Wateja wawili wakampokea. Kijana akanitazama: kesi imekwisha. Mimi ningempunguzia Azawi nyimbo mbili tatu, ulaini ukizidi unateleza, lakini nani ananiuliza?

Kisha nikafanya kosa la mapenzi. Nikaomba "Exile" ya Geoffrey Oryema. Ya 1990, lebo ya Real World, Brian Eno ndiye aliyeitayarisha, na Wafaransa waliipenda hadi "Ye Ye Ye" ukawa wimbo wa kipindi cha televisheni yao cha usiku. Huyu ni mtoto wa waziri aliyeuawa na utawala wa Amin Februari 1977 pamoja na Askofu Mkuu Janani Luwum. Yeye mwenyewe alivushwa mpaka akiwa amejificha kwenye buti la gari. Nanga yake ya nyuzi saba inalia kama maji ya chini ya mawe. Sokoni? Kimya. Hakuna aliyekasirika, hakuna aliyesimama. Watu waliendelea kupima nyanya. Mzee mmoja tu mwenye gazeti, nadhani ni Mwacholi wa Gulu, aliliteremsha gazeti taratibu na kulikunja, akabaki ameshika magoti yake mpaka wimbo ulipokwisha. Kisha akaniuliza, kwa Kiswahili safi kabisa, "Hii umeitoa wapi, bwana?" Nikamjazia kwenye simu yake. Mteja mmoja kwa zaidi ya miaka thelathini! Nilitaka kulia.

Sasa zikaja zile ambazo rafiki yangu alikuwa akizizungumzia, na hapa wenye Kiswahili tufungue macho. Mwaka 2016 Kampala ilizaliwa lebo inayoitwa Nyege Nyege Tapes. Ndiyo, najua. Wa Mombasa na Tanga mmeshaziba midomo. Kwa Kiganda ni ile hamu ya ghafla ya kucheza inayokushika miguuni, na lawama za maadili zilizotolewa bungeni juu ya tamasha lao la Jinja zinatokana kwa sehemu na hilo jina kuvuka mpaka wa lugha bila pasipoti. Wana lebo ndogo pia, Hakuna Kulala. Ilikuwa ni Kampala, si Dar es Salaam, iliyoifungasha singeli na kuipeleka Ulaya: "Sounds of Sisso" mwaka 2017, ikatoka kwenye studio ya Mburahati huko Dar, kisha "Poaa" ya Bamba Pana mwaka 2018, na mwaka 2019 "Tatizo Pesa" ya Jay Mitta na "Uingizaji Hewa" ya Duke. Someni hayo majina tena. "Uingizaji Hewa"! Kuna wakosoaji London na Berlin waliokaa usiku wakiandika aya nzito juu ya albamu yenye jina la kibandiko cha feni, na wakaisifu, na walikuwa na haki, kwa sababu muziki wenyewe unakimbia midundo zaidi ya 200 kwa dakika na bado una utani ndani yake. Vitu hivi vinauzwa kwa kanda na santuri. Kanda! Chombo kile kile soko hili lilichokitupa, sasa kinasafiri kwenda kwa Wazungu kama bidhaa ya thamani, na hapa Nakawa huwezi kupata hata redio ya kuichezea.

Singeli ilipita vizuri. Vijana wa boda boda waliipenda kwa dakika nne, wakafanya mashindano ya miguu, mmoja akaangusha pilipili za watu, ikabidi tuhame. Kutoka Nairobi tulikuwa na "Duma", ile ya 2020, mayowe na umeme mtupu. Kijana aliizima baada ya sekunde arobaini, akaikagua spika kwa kiganja kuona kama haijapasuka.

MC Yallah, huyu ni habari nyingine. "Yallah Beibe", 2023. Mwanamke huyu aliingia kwenye rap mwaka 1999 na albamu yake ya kwanza, "Kubali", ikatoka 2019. Miaka ishirini! Hesabu mwenyewe ni ahadi ngapi za studio hizo, ni nauli ngapi za kamunye, daladala zetu. Amezaliwa Kenya, amekulia Uganda, anachana kwa Kiganda, Kiluo, Kiingereza na Kiswahili, na anabadilisha lugha kama mtu anayehamisha mzigo kutoka bega hili kwenda lile, bila kusimama. Chini yake watayarishaji wanampiga vita: Debmaster, Chrisman, na yule Mjapani aliyejiita Scotch Rolex (sasa mnaona chapati yetu imefika wapi). Sauti za chini zinatetemesha bati. Nilipoisikia mara ya kwanza leo asubuhi chumbani nilisimama wima peke yangu kama niliyeitwa jina shuleni. Yeye haogopi huo mngurumo. Anaukalia.

Sokoni Kiswahili chake kilizua jambo. Kampala kwa miaka mingi imekisikia Kiswahili kama lugha ya askari na ya vizuizi vya barabarani. Baraza la Mawaziri liliridhia kukifanya lugha rasmi Julai 2022, lakini masikio hayabadiliki kwa waraka. Kama kuna mtu aliyekifanya kipendeke hapa ni Jose Chameleone, aliyerekodi "Mama Mia" Nairobi kwenye studio ya Ogopa na akawafundisha Waganda kubembeleza kwa Kiswahili mwanzoni mwa miaka ya 2000, kazi ambayo wizara yoyote ingeitengea bajeti. Sasa msichana wa makava ya simu alipomsikia Yallah akauliza, "Huyu ni Mkenya?" Kijana akajibu hapana, wa hapa. "Wa hapa wapi? Mbona simjui?" Swali hilo lilinichoma. Ughaibuni anapiga matamasha, magazeti ya muziki ya Uingereza yanamjua. Msichana aliyekaa umbali wa nauli ya elfu mbili kutoka kwake hamjui. Lakini nisiwadanganye: baada ya wimbo wa pili yule msichana alikuwa anatikisa kichwa, na baada ya wa tatu aliomba jina liandikwe kwenye karatasi.

Na ndipo ikaingia "Kaloli".

Niwaeleze kilichomo kabla sijapoteza akili tena. Nihiloxica ni ndoa ya wapiga ngoma wa Kampala waliotokana na kundi la Nilotika, na Waingereza wawili, mmoja kwenye ngoma za kizungu, mwingine kwenye vinanda vya umeme. Hakuna mwimbaji. Hakuna gitaa. Kuna engalabi, ile ngoma ndefu yenye ngozi ya kenge kwa jadi, inayopigwa kwa viganja vitupu. Kuna nnamunjoloba, ndogo, kali, inayopigwa kwa vijiti na kusema kama mke mwenza. Kuna empuunyi, nzito, ya kutikisa kifua. Kuna kayamba za ensaasi. Ni zile zile utakazozikuta kwenye harusi yoyote ya Buganda. Ila chini yake wamewasha kitu. Sijui nikiiteje: mngurumo wa transfoma kabla haijalipuka, mvua ya chuma. Lebo ya Crammed Discs ya Ubelgiji ndiyo iliyoitoa, wale wale walioipeleka likembe ya Konono No. 1 ya Kinshasa duniani, kwa hiyo walijua wanachokishika.

"Supuki" ulipoanza, kijana aliinua mkono kwenda kwenye kipanya, azime. Nikamshika kiwiko. "Subiri, ssebo." Ngoma ziliingia moja moja. Nnamunjoloba ikatangulia, ikasimama, ikarudi na engalabi, halafu zile ngoma za kizungu zikajipenyeza katikati kama mgeni anayetafuta mahali pa kukaa harusini, na alipopata mahali, jamani! Muuza mkaa wa upande wa pili, jjajja mmoja mwenye umri wa bibi yangu, aliweka chini kopo lake la kupimia. Akasimama. Akakaza mshipi wa gomesi. Halafu kiuno kikaanza, polepole, kile kizungusho cha baakisimba ambacho mwili ukishakijua haukisahau, na uso wake umetulia kabisa kama anasubiri basi. Alicheza mpaka wimbo ukaisha. Kisha akasema, kwa Kiganda, maneno ambayo nayaweka hapa kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo uhakiki bora wa albamu hii nilioupata: "Ngoma ni zetu. Hicho kinachonguruma huko chini ni nani amekileta?"

Ndilo swali lenyewe! Albamu nzima inaishi ndani ya swali hilo. Kuna mahali mngurumo unazila ngoma, mfano katikati ya albamu ambapo kinanda kinang'ang'ania kama jenereta inayokataa kuwaka, nami nilitamani mtu akate waya. Lakini mara nyingi ngoma ndizo zinazokokota umeme kwa masikio. "Tewali Sukali", maana yake hakuna sukari, na kweli hauna: ni mchungu, mkavu, mwendo wake unapanda ngazi bila kushika ukuta. "Salongo", jina la heshima la baba wa mapacha, unapigwa kwa furaha ya fujo. "Bwola" umetoka kwa Waacholi, kwenye ngoma ya kifalme, na yule mzee wa gazeti alinyanyua kichwa tena. Kisha "Black Kaveera", mfuko mweusi wa plastiki, ile mifuko ambayo serikali huipiga marufuku, na wakati huo huo mmoja wake ulikuwa umezunguka mguu wangu kwa upepo. Mngurumo, ngoma, harufu ya mafenesi, malori ya barabara ya Jinja yakipiga honi nje ya mdundo kisha, kwa bahati, ndani ya mdundo. Na kaloli watatu juu ya jalala, hawakuruka hata kwa spika zile. Ndege huyu hula tunachokitupa na kunenepa. Niliitazama ile kompyuta isiyo na ubavu, nikaelewa kwa nini jina hilo.

Nimesikia muziki mwingi unaoitwa mchanganyiko. Mara nyingi ngoma ya Kiafrika huwekwa humo kama chumvi kwenye mboga ya mtu mwingine. Hapa ngoma ndiyo ugali. Naandika kwa pupa, huenda kesho nitapunguza sauti, lakini sasa hivi, saa kumi na moja na robo, sijasikia albamu ya kutoka mji huu iliyonishika kifua hivi. Wiki ijayo nitasikiliza ile yao ya 2023, "Source of Denial", waliyoitunga kwa hasira ya viza za Uingereza. Mtu aliyewahi kupanga foleni ya viza anahitaji ngoma za namna hiyo.

Hukumu ya kibanda? Kijana alikuwa mgumu mpaka mwisho. "Haina maneno," akasema. "Watu wataimba nini? Haiuziki." Ana haki ya biashara yake, na kwa mizani hiyo Azawi amewafagia wote. Ila nilipokuwa nafunga mkoba wangu, vijana wawili wa boda boda walikuja na kadi zao mkononi wakitaka "ile ya ngoma". Kijana akanitazama, akanakili, akapokea pesa yake. Fungu jipya kwenye kompyuta amelipa jina "Ngoma za Stimu". Majina ya wasanii hakuandika, na katika shilingi zile hakuna hata moja itakayowafikia waliopasua viganja kwenye zile engalabi. Mimi ndiye niliyeleta flashi. Kwa hiyo nimefanya ninachoweza: nimefungua simu hapa hapa benchini, nimeinunua "Kaloli" kwa bei yake kamili, kodi ya bando juu yake, na "Yallah Beibe" pamoja nayo.

Nanyi nunueni. Mkishindwa zote, anzeni na "Kaloli", muifungulie sauti mpaka jirani aje kuuliza. Na mlioko kwenye hizo lebo: leteni rundo la kadi za simu zenye albamu hizi, kwa bei ya rolex mbili, hapa Nakawa. Jjajja wa mkaa ameshaniuliza lini.